Kuomba Kazi kwa Mtani

Nilifukuzwa kazi nikacheka. Sisemi hivyo ili nionekane jasiri. Nilicheka kwa sababu bosi wangu alikuwa Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na miaka yote niliyokata tiketi katika ofisi yake pale stendi ya mabasi Tabora hatukuwahi kuzungumza jambo la maana bila kulitia mzaha. Yeye aliniita mpagazi, kwa sababu babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka huku hadi Pwani. Mimi nilimwita mcheza ngoma, nikimwambia kwamba babu zake waliuza mashamba ili wapate kumtoa mwali. Abiria wageni walikuwa wanashtuka. Wenyeji walijua kwamba makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba ukimkasirikia mtani wewe ndiye mwenye kasoro.

Kwa hiyo jioni ile aliposimama mlangoni, mikono mfukoni, akasema, "Mpagazi, kesho usije. Mzigo umeisha," mimi nilikuwa nafunga dirisha, wala sikugeuka. Nikamjibu, "Nisipokuja nani atakuamsha, mcheza ngoma wewe?" Akacheka. Na mimi nikacheka. Nikaenda zangu Chemchem, nikapika, nikala, nikalala.

Asubuhi nikaja kazini kama kawaida. Kwenye kiti changu nilimkuta binti wa dada yake, mwanamke mtu mzima aliyemaliza chuo, na mbele yake ile mashine mpya ya kutolea tiketi za mtandao. Nikamwambia anipishe. Akanipisha, maskini, akasimama ukutani akinitazama ninavyohangaika na mashine ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha. Abiria wa Dodoma wakaanza kunung'unika. Bosi alipofika akaniona, akageuza uso, akaenda kunywa chai.

Siku iliyofuata nikaja tena. Safari hii alinichukua nyuma ya ofisi, penye mapipa ya maji, akaniambia kwamba kamisheni wanayompa wenye mabasi imeshuka, watu siku hizi wanakata tiketi kwenye simu, na yeye hana tena uwezo wa kulipa watu wawili. Alisema taratibu huku akiangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa bado nimetega sikio, nasubiri mwisho wa mzaha. Nilisubiri mpaka akamaliza, mpaka akasema pole, mpaka akaondoka. Ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimefukuzwa tangu juzi, na kwamba nimekuja kumbughudhi binti wa watu bure. Aibu ile iliniuma kuliko kazi yenyewe. Mpaka leo sijui nani alikuwa mjinga zaidi, yeye aliyemwachisha mtu kazi kwa mzaha au mimi niliyeupokea kama mzaha.

Mume wangu alifariki zamani, na watoto hatukujaliwa. Nilikuwa na chumba changu cha kupanga Chemchem, na funguo yake nilikuwa naivaa shingoni kama hirizi. Mdogo wangu wa kiume anakaa Kaliua na mke wake na watoto wao, wanalima tumbaku. Nilimbeba mgongoni huyo, nikamfulia na nepi. Aliposikia habari yangu akapiga simu, akasema, "Dada, njoo tu. Chumba kipo." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na mimi nililia kwa hasira baada ya kukata simu. Sikutaka kuzeeka kwenye nyumba ya mtu mwingine, nionyeshwe pa kuweka mkeka wangu na saa ya kula. Tukakubaliana hivi: mvua za kwanza zikinyesha sijapata kazi, nitahamia Kaliua. Kiangazi kilikuwa bado kirefu. Nilijiona mjanja.

Mahali pa kwanza nilipokwenda ni kwa mzee mmoja mwenye duka la jumla mjini, wa familia ya siku nyingi, watu wa kahawa na kanzu safi. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza habari za Chemchem, za afya, za marehemu mume wangu, za paa la nyumba ya jirani yangu ambalo mimi mwenyewe sikujua kwamba liliezuliwa na upepo. Kahawa ikaletwa. Nikaeleza shida yangu. Akatikisa kichwa kwa huruma kweli, akasema, "Inshallah, mwanangu. Wewe pitapita."

Nikapitapita. Kila nilipopita nilipewa kahawa na tende, nikaulizwa habari mpya, nikaambiwa inshallah, na kila nilipotoka nilijiona kama mtu aliyekwisha kuajiriwa isipokuwa tu siku ya kuanza haijatajwa. Niliacha hata kwenda kwingine. Niliogopa akinihitaji asinione. Mwisho binti yake, anayekaa kwenye kaunta, akanifuata nje hadi barazani.

"Mama, nisamehe," akaniambia. "Baba hajui kusema hapana. Hata mimi nilipokuja kuposwa, mchumba wa kwanza alipitapita mwaka mzima, mpaka akaoa kwingine."

Nilicheka pale barazani. Njiani sikucheka. Nilihesabu kahawa nilizokunywa na jua nililopigwa, nikamtukana mzee wa watu kimoyomoyo kutoka sokoni hadi nyumbani. Kisha nikamwonea huruma, kwa sababu hata mimi nisingependa kumwambia hapana mtu kama mimi.

Kwenye gesti moja karibu na stesheni walikuwa wanatafuta mtu wa mapokezi. Meneja alinitazama kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye ndala, akasema wanataka mtu mwenye mvuto. Nikamuuliza kama wageni wake wanakuja kulala au kutazama mapokezi. Najua. Mtu anayetafuta kazi hafai kuwa na mdomo, lakini huu wangu nimezaliwa nao.

Nilipata kibarua cha kuosha chupa kwa watu wanaopaki asali. Hicho nilikipenda. Tulikaa wanawake kadhaa kwenye uwanja wa nyuma, mikono kwenye maji ya moto, nyuki wakituzunguka bila kutudhuru, na jioni nilirudi nyumbani nikinata hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nalala kama gogo. Lakini asali ya msimu ule iliisha, mapipa yakafunikwa, na msimamizi akatushukuru vizuri akatuambia tuonane msimu ujao. Wenzangu walikuwa wamezoea. Walikung'uta kanga zao wakaondoka wanapiga soga. Mimi nilibaki nimekaa kwenye ndoo yangu niliyoipindua, mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nimesahau.

Kwihara nilikwenda kutengeneza matuta ya viazi. Mwenye shamba, mama wa rika langu, aliniacha nilime asubuhi nzima. Kisha akaja akasimama kwenye tuta langu, ambalo lilikuwa limepinda kama njia ya ng'ombe. "Dada yangu," akasema, "wewe umekaa ofisini siku nyingi. Pumzika ule kwanza." Nikajua kwamba baada ya kula sitashika jembe tena. Alinifungashia karanga za kurudi nazo. Karibu na pale ndipo lilipo lile tembe la makumbusho, na nilipita nikaona wageni wawili watatu wakipiga picha mlango. Wanatoka mbali kuja kuona nyumba walimolala wenye misafara. Walipolala wapagazi hakuna anayepaulizia. Nilitamani kuwaambia kwamba mpagazi huyu hapa anapita, na miguu inamuuma, lakini sikujua lugha yao na sikuwa na nguvu.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Uza maandazi, waliniambia. Chemchem kila nyumba ya pili ina mama anauza maandazi. Wakila wao kwa wao ndiyo yanaisha. Fuga kuku. Jiunge na kikundi. Mdogo wangu alikuwa anapiga simu kila jioni, na kabla hajauliza nilikuwa nasikia anavyovuta pumzi ya kuuliza. "Bado," nikamwambia. Ikafika mahali hatusalimiani tena. Napokea simu nasema bado, na yeye anasema haya dada. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilikuwa naamka asubuhi nimeshachoka, navaa, natoka, natembea kwenye ule mchanga, naingia kwa watu na uso wa kutabasamu, natoka nje na kuukunja.

Kisha mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Urambo, na wiki ileile nikapata habari kwamba mama yake bosi amefariki.

Yule bibi nilimpenda. Alikuwa ameletwa kutoka Pwani aje akae na mwanawe, na tangu alipofika alikuwa anashinda mlangoni pa ofisi, juu ya mkeka, akisuka ukili na kutukana abiria. Nikimwamkia shikamoo bibi, ananijibu, "Marahaba, mpagazi, umetua salama?" Ananituma maji, ananituma ndimu, halafu anawaambia watu kwamba Wanyamwezi wasipobebeshwa kitu wanaumwa. Mimi nilimwambia kwamba akifa nitamchelewesha kwenda kaburini mpaka aniombe radhi. Akasema, "Usipofanya hivyo nitakutokea." Nilipofukuzwa alikuwa ameshaanza kuumwa, wala sijui kama aliambiwa.

Sikutaka kwenda. Nilimwambia jirani yangu kwamba siwezi kwenda kumfariji mtu aliyenimwaga. Jirani akanishangaa. "Unakwenda kwa bibi," akasema, "huendi kwa bosi. Na wewe ndiye mtani. Unataka azikwe kimyakimya kama hana watu?" Hilo lilikuwa kweli. Kwetu, mtani akikosekana msibani watu wanaona kama chakula kimepikwa bila chumvi. Wanaolia hawana wa kuwapumzisha. Nikajitanda kanga mbili nikaenda.

Nilifika nikamkuta bibi ameshakoshwa na kukafiniwa. Ndani wanawake walikuwa wanalia, nje wanaume wamekaa kwenye majamvi. Nikaingia chumbani kwake nikachukua kanga yake ya kushindia na miwani yake, nikatoka navyo uani, nikakaa kwenye mkeka wake nikajifanya nasuka ukili. Nikaanza kuwatukana waombolezaji kwa ile sauti yake ya Pwani. Nikasema, huyu mbona kaja msibani na mkoba mkubwa, anataka kubeba pilau? Nikasema yule alikuwa anamkopa bibi tambuu, sasa analia machozi ya furaha. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Binti wa dada yake bosi, yule wa mashine, alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa vizuri siku ile. Nilisikia kabisa kwamba niko vizuri, maneno yanakuja yenyewe, na ulikuwa muda mrefu sijasikia hivyo.

Ulipofika wakati wa kumtoa, nikaenda nikajilaza mlangoni, kukingama. Ndiyo desturi: mtani anazuia jeneza, wafiwa wanambembeleza, wanampa kitu kidogo, anapisha. Wanaume walilibeba jeneza mabegani wakasimama. Bosi akaja mbele. Alikuwa amekonda, ana kofia ya kitani, macho mekundu.

"Mpagazi," akasema kwa sauti ili watu wasikie, "sema unachotaka, mama yangu apite."

"Nataka kazi yangu," nikasema.

Uwanja wote uliangua kicheko. Hata waliobeba jeneza walicheka, nililiona linatikisika. Bosi naye alicheka, na nadhani kilimsaidia kicheko kile, maana alijifuta uso. "Kazi ipo," akasema. "Mbebeni na huyu, akamtumikie mama huko anakokwenda."

Watu wakacheka tena. Hapo ndipo nilipaswa kudai sigara, au soda, au viatu vyake, na kuinuka. Nilijua. Nimefanya utani huu misiba mingi. Lakini nilikuwa nimelala pale chini na mgongo wangu uliochoka umeegemea kizingiti, na mdomo ukasema wenyewe.

"Nirudishe kazini. Nimezunguka mji mzima. Nirudishe."

Sauti ilinikatika kwenye neno la mwisho. Kicheko kiliendelea kidogo upande wa mbali, kwa wale ambao hawakusikia vizuri, kisha nacho kikafa. Hakuna kitu kibaya kama uwanja wa msiba ulionyamaza kwa sababu yako. Nilisikia mtu anasema astaghfirullah.

Bosi akachuchumaa. Akaniangalia usoni, akasema polepole, "Dada, unasema kweli?"

Hakuwahi kuniita dada. Miaka yote ile, hata siku moja. Niliposikia neno lile nilijua jibu kabla hajalitoa, kwa sababu mtani wako akikuita dada ujue hana cha kukupa isipokuwa heshima.

"Kweli," nikasema.

"Sina, dada. Wallahi ningekuwa nayo ningekupa. Ofisi yenyewe naikabidhi, narudi kwetu. Nilikuwa nakaa hapa kwa ajili ya huyu." Akaonyesha jeneza kwa kidevu.

Kwa hiyo hakukuwa na kazi pale, wala hakukuwa na ofisi. Miezi yote nilikuwa nimeficha moyoni tumaini dogo la kijinga kwamba ataniita siku moja aseme mpagazi rudi, mzigo umepatikana. Sikuwa nimemwambia mtu, hata nafsi yangu nilikuwa naificha. Lilikuwa limenishikilia mjini kuliko funguo yangu. Na sasa nilikuwa nimelala mlangoni pa watu, nimevaa kanga ya marehemu, na marehemu mwenyewe juu yangu anasubiri kupita. Mabega ya wanaume yalikuwa yanachoka. Nilimwona mmoja anabadilisha mkono.

Nilinyoosha mkono nikamvua bosi kofia, nikaivaa mimi.

"Basi nitachukua hii," nikasema kwa sauti ya bibi, "maana kichwa chake hakina kazi. Mpitisheni! Na mbebeni kwa adabu, huyu ameshiba pilau za ngoma maisha yake yote, mtaanguka naye!"

Walicheka kwa kishindo, kicheko cha watu waliofunguliwa kamba. Bosi alicheka na kulia pamoja, mikono kichwani pasipo na kofia. Nikajiviringisha pembeni kama gunia, jeneza likapita, wanaume wakaanza kuitikia la ilaha illa Allah, na sauti zao zikaelekea barabarani.

Wanawake walinikalisha kwenye mkeka wakaniletea chai. Dada yake bosi, aliyesafiri kutoka Pwani, mwanamke mnene mwenye sauti ya pole, alinishika mkono akasema, "Ahsante, mtani. Umeifanya kazi yako vizuri sana. Mama ameondoka na watu wake." Miezi ile yote nilikuwa nazunguka namtafuta mtu wa kuniambia maneno hayo. Nililala palepale, katikati ya wanawake na masufuria, hadi wanaume waliporudi kutoka makaburini. Niliamshwa na harufu ya mvua. Kofia niliitundika msumarini kabla sijaondoka.

Jioni ile mdogo wangu alipopiga simu sikusema bado. Nilisema, "Nakuja." Akaniuliza kama nitakuja na kitanda.

Nilikwenda kwa treni. Mdogo wangu alinipokea stesheni ya Kaliua na baiskeli, akafunga mizigo yangu nyuma, tukatembea. Hakuuliza kitu chochote. Alinieleza habari za miche ya tumbaku kutoka stesheni hadi nyumbani, na nilimshukuru kwa hilo.

Wifi yangu alikuwa uani anabangua karanga pamoja na jirani yake. Aliinuka akapiga kigelegele kidogo, akanikumbatia, akaniwekea kiti chenye mto. Siku zote nikija kuwasalimia hakuniruhusu kugusa hata kijiko. Nilikuwa nakaa kwenye kiti hicho kama mjumbe wa serikali. Jirani akaniamkia, akamwangalia wifi, akaiangalia baiskeli yenye kitanda changu kilichofunguliwa vipandevipande.

"Ni wifi yangu wa Tabora," wifi akamwambia haraka. "Amekuja kutusalimia."

Alifanya hivyo kunisitiri. Namjua, ana moyo mzuri. Ningeweza kunyamaza, na jirani angejifanya amesadiki.

"Hapana, wifi," nikasema. "Nimekuja kukaa."

Wifi alinitazama. Jirani akainamia karanga zake. Kuku walipita katikati yetu na hakuna aliyewafukuza. Kisha wifi akaketi, akauvuta ungo uliojaa karanga ambazo hazijabanguliwa, akausogeza mpaka ukagusa miguu yangu.

Nikashuka kwenye kiti, nikakaa chini pamoja nao, nikaanza.